Mgeni wa Ua na Mchavushaji: Somo la Kumtazama Mdudu Kabla ya Kumpa Jina

Utangulizi

Fuata nyuki ule asali. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi, na aghalabu hufafanuliwa kuwa ni wito wa kuandamana na watu wenye manufaa. Ufafanuzi huo ni sahihi. Hata hivyo, ukiichunguza methali yenyewe utaona kwamba inamfuata nyuki akirudi mzingani. Huko alikotoka, mauani, haiendi. Methali nyingine mashuhuri, mchovya asali hachovyi mara moja, nayo imeelekeza jicho kwenye asali. Nyuki wa methali hizi ni mtengenezaji wa asali. Kazi yake ya pili, ile ya kuhamisha unga kutoka ua moja hadi jingine, haikutajwa.

Kazi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kwa chakula cha binadamu. Ripoti ya jopo la kimataifa kuhusu bayoanuwai, IPBES, iliyopitishwa mwaka 2016, ilieleza kuwa zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mimea ya chakula duniani hutegemea, japo kwa kiasi fulani, wanyama wanaohamisha chavua. Wengi wa wanyama hao ni wadudu. Ripoti iyo hiyo ilitaja zaidi ya spishi 20,000 za nyuki peke yao. Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018.

Makala haya yananuia kuonyesha jambo moja: kwamba jina mchavushaji ni jina la kustahili, na halifai kutolewa kwa kudhani. Ili kulithibitisha hilo, makala yataanza kwa kulichanganua neno lenyewe, kisha yatatazama mifano miwili kutoka mashamba ya Kenya, yaani mbiringanya na mpapai. Baadaye yatapendekeza namna ya kutazama wadudu mauani na namna ya kuyaandika yaliyoonekana kwa Kiswahili fasaha. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa lugha ana haja gani na wadudu? Jibu ni kwamba mwanafunzi huyo ndiye atakayetafsiri vijitabu vya kilimo, atakayehariri vipindi vya redio na atakayeandika vitabu vya kiada. Akilitumia neno ovyo, mkulima anayemtegemea anaweza kuukata mti anaouhitaji au kumwua mdudu anayemlisha.

Neno na Umbo Lake

Kiswahili sanifu kina istilahi zinazoshikana kwa karibu. Chavua ni ule unga, aghalabu wa rangi ya manjano, unaotolewa na sehemu ya kiume ya ua. Kuchavusha ni kuifikisha chavua kwenye stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike inayoipokea. Uchavushaji ni tendo lenyewe, na mchavushaji ni mtendaji. Wapo wanaotumia poleni badala ya chavua. Neno hilo lina udhaifu ulio dhahiri kwa mzungumzaji yeyote: linafanana kabisa na tamko la kuwafariji waliopatwa na msiba. Isitoshe, halizai kitenzi kwa urahisi. Chavua, kwa upande wake, ina jamaa kubwa: chavusha, chavushwa, chavushia, chavushana, mchavushaji, uchavushaji.

Ukilitazama umbo mchavushaji utaona viambishi viwili vyenye uzito wa kimaana. Cha kwanza ni -sh-, kiambishi cha usababishi. Kinadai kwamba yupo aliyesababisha chavua kufika ilikofika. Cha pili ni -ji, kinachokuja mwishoni mwa nomino za watendaji wa mazoea. Mtu aliyeimba mara moja harusini haitwi mwimbaji. Mwimbaji ni yule ambaye kuimba ni ada yake. Vivyo hivyo kwa msomaji, mwindaji na mchezaji. Kwa hiyo, kumwita mdudu mchavushaji ni kutoa madai matatu kwa pamoja: kwamba alibeba chavua, kwamba chavua hiyo ilifika kwenye stigma ya ua la mmea wa aina moja na ule ilikotoka, na kwamba hilo hutokea mara kwa mara.

Mtu anayepita kandokando ya shamba na kumwona mdudu juu ya ua hajaona hata moja kati ya mambo hayo matatu. Alichokiona ni ziara. Ndiyo maana makala haya yanapendekeza matumizi ya istilahi mbili tofauti. Kila mdudu atuaye uani aitwe kwanza mgeni wa ua. Jina mchavushaji aje apewe baada ya ushahidi kupatikana. Utengano huu si wa kujikweza kitaaluma, maana maua yana wageni wa kila namna. Yupo buibui anayejibanza kati ya petali akiwavizia wadudu wengine. Wapo mbawakawa wanaoitafuna chavua na petali pamoja. Wapo nyuki wakubwa weusi wanaolitoboa ua refu ubavuni karibu na kitako chake, wakafyonza mbochi, yaani ule utomvu mtamu, bila kupita mlangoni na bila kuigusa chavua. Hao wa mwisho wanastahili kuitwa wezi wa mbochi, ijapokuwa mdudu yuyo huyo akienda kwenye ua la umbo jingine anaweza kuwa mchavushaji hodari.

Hata nyuki wa asali hapaswi kupewa jina hilo kila mahali. Mara nyingi huonekana wakikusanya chavua kwenye mashada ya juu ya mahindi. Hindi, hata hivyo, huchavushwa na upepo. Chavua huanguka kutoka shada la juu na kutua kwenye nyuzi za gunzi, ambako nyuki hana sababu ya kwenda kwa kuwa hapana mbochi wala chavua. Katika shamba la mahindi nyuki ni mgeni tu, tena mgeni anayeondoka na akiba.

Mbiringanya na Nyuki Asiyetajwa

Kiswahili kinalo neno moja, nyuki, linalobeba kundi kubwa mno. Mzungumzaji akilisikia humwazia mara moja yule mwenye mzinga, malkia, nta na mwiba. Ndiye pia aliyeipatia lugha msamiati maridhawa: sega, majana, kurina, mrina asali. Lakini idadi kubwa ya spishi za nyuki haziishi katika mizinga wala hazitengenezi asali ya kurinwa. Wapo nyuki wanaoishi peke yao, kila jike akichimba kishimo chake ardhini. Wapo wanaotoboa mbao kavu na magogo. Wapo pia nyuki wadogo wasiodunga, wanaoishi kwa makundi katika matundu ya miti na kuta, kama wale wanaopatikana katika msitu wa Kakamega.

Umuhimu wa tofauti hizi unaonekana vizuri katika ua la mbiringanya. Katika maua mengi, vifuko vya chavua hupasuka kwa urefu na kuuacha unga wazi, hata mdudu akipita tu akaupata. Vifuko vya mbiringanya havipasuki hivyo. Vina vitundu vidogo nchani, mithili ya kichupa cha chumvi cha mezani. Ili chavua itoke, sharti kichupa kitikiswe. Wapo nyuki wanaojua kukitikisa: hulikumbatia ua, wakaikaza misuli ya mabawa bila kuruka, na mwili wote ukatetema. Msikilizaji aliye karibu husikia mvumo uliobadilika ghafla, mwembamba na mkali kuliko ule wa kuruka. Chavua humwagika tumboni mwa nyuki, naye akaipeleka kwenye ua linalofuata.

Nyuki wa asali hana uwezo huo wa kutikisa. Anaweza kuonekana juu ya ua la mbiringanya akikusanya chembe zilizomwagwa na wengine, na mtazamaji wa haraka akamwandikia sifa zisizo zake. Utafiti wa Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng, uliochapishwa mwaka 2008 na uliofanywa Nguruman katika eneo la Kajiado, ulionyesha kuwa mbiringanya za huko hunufaika na nyuki wa mwituni wanaoishi peke yao. Waliotajwa hasa walikuwa wawili: Xylocopa caffra, nyuki mkubwa anayetoboa mbao, na Macronomia rufipes, aliye mdogo zaidi. Nyuki wa jamii hiyo ya pili hutaga katika vishimo vya ardhini.

Kutokana na mfano huu yanatoka mafunzo mawili. La kwanza ni la kilimo. Mkulima aliyeambiwa tu kwamba nyuki huchavusha mbiringanya anaweza kununua mizinga akadhani amemaliza kazi, huku akichoma magogo makavu ya mpakani na kulima kila shubiri ya ardhi iliyoachwa. Kumbe katika magogo hayo na katika ardhi hiyo ndimo walimo wachavushaji wake. La pili ni la lugha. Sentensi nyuki huchavusha mbiringanya si ya uongo. Kosa lake ni kwamba msikilizaji ataielewa visivyo, kwa sababu neno nyuki limekwisha kushikwa na asali. Mfasiri mwangalifu ataandika nyuki wa mwituni wanaoishi peke yao, au atamweleza mdudu kwa makao na tabia yake. Maelezo marefu yaliyo sahihi ni bora kuliko neno fupi linalopotosha.

Mpapai Dume na Mgeni wa Magharibi

Mfano wa pili unaonyesha hali iliyo kinyume. Hapa lugha ya watu iliona ukweli mapema, bali hitimisho likaenda kombo. Wazungumzaji wa Kiswahili husema mpapai dume na mpapai jike, na majina hayo yanaafikiana na elimu ya mimea. Mipapai mingi ya asili hutenganisha jinsia. Mti wa kiume hutoa vishada virefu vinavyoning'inia, vyenye maua madogo yenye harufu tamu. Mti wa kike hutoa maua makubwa zaidi yaliyoshikana na shina. Ipo pia mipapai huntha, ambayo ua lake lina sehemu zote mbili. Aina kadhaa za kibiashara ni za kundi hili.

Baada ya kuutambua mpapai dume, wakulima wengi huukata. Hoja yao inaeleweka: mti usiozaa unakula mbolea na kuchukua nafasi. Neno dume, katika muktadha huu, limebeba maana ya tasa. Lakini ua la kike la mpapai halina chavua ya kutoa. Mipapai dume yote ikiondolewa, na pasiwe na mingine jirani wala mihuntha, maua ya kike yatafunguka, yatasubiri, na mengi yataanguka. Ndiyo sababu wataalamu wa kilimo hushauri mkulima wa mipapai ya jinsia mbili abakize madume machache.

Swali linalofuata ni nani anayeipeleka chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mtu akitazama saa nne asubuhi anaweza kuwaona nyuki wa asali kwenye vishada vya kiume, akaandika jibu na kufunga daftari. Jibu hilo lingekuwa la haraka mno. Ua la mpapai lina mrija mwembamba, rangi iliyofifia na harufu inayozidi jioni. Hizo ni dalili za ua linalomngoja mgeni wa gizani. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson, uliochapishwa mwaka 2009, uliwataja nondo wakubwa wenye mirija mirefu ya kufyonzea kuwa ndio wachavushaji wa mipapai iliyopandwa mashambani nchini Kenya. Ulionyesha pia kuwa umbali kati ya shamba na uoto wa asili, pamoja na hali ya uoto huo, huathiri uchavushaji huo. Nondo hawa hawatui. Huelea mbele ya ua kwa mabawa yanayopiga kwa kasi, wakaingiza mrija, kisha wakaenda zao, yote hayo katika dakika chache za magharibi jua likiisha kutua.

Mdudu huyu ana sura mbili ambazo lugha imezitenga kwa majina mawili. Nondo aitwaye Agrius convolvuli, mmoja wa nondo hao wenye mirija mirefu, huanza maisha akiwa kiwavi anayetafuna majani ya viazi vitamu. Mkulima humjua kiwavi kwa hasara na humnyunyizia dawa. Nondo hamjui, kwa kuwa huja gizani. Majina kiwavi na nondo hayadokezi kwa vyovyote kwamba ni mdudu mmoja. Mtu mwenye shamba la viazi na mipapai kadhaa uani anaweza kuwa anamwua asubuhi mgeni ambaye mipapai yake inamngoja jioni. Haya si maneno ya kumlaumu mkulima anayekiokoa chakula chake. Ni maelezo ya kile anachopaswa kuambiwa ili aamue akijua.

Historia ya sayansi inayo hekaya ya kweli inayofanana na hii. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika kuhusu okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, ambayo mbochi yake imo katika mrija wa karibu sentimita 30. Alitabiri kwamba lazima awepo nondo mwenye mrija wa urefu huo. Darwin alifariki mwaka 1882, na nondo mwenyewe alielezwa kisayansi mwaka 1903. Miongo mingi ilipita kabla ya ziara yake kwenye ua hilo kushuhudiwa. Umbo la ua lilimpa Darwin dhana, naye aliitamka kama dhana. Ushahidi ulihitaji macho ya watu wengine, usiku, mahali penyewe.

Namna ya Kutazama

Zoezi la kutazama halihitaji vifaa vya gharama. Linahitaji daftari, kalamu, saa na uvumilivu. Mmea unaofaa kuanzia ni boga, kwa kuwa maua yake ya kiume na ya kike hutofautishwa kwa macho: la kike lina kiboga kidogo chini ya petali, la kiume lina kikonyo chembamba kitupu. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, hivyo kazi haichukui siku nzima.

Kwanza, mtazamaji ahesabu maua yaliyo wazi mbele yake na kuandika idadi. Bila idadi hiyo, ziara kumi hazina maana, kwani hazijulikani ni za maua mawili au mia. Pili, aandike saa, hali ya jua, mawingu na upepo. Tatu, asimame hatua moja au mbili mbali na mmea, kivuli chake kisiangukie ua, akae dakika kumi bila kusogeasogea. Nne, kwa kila mgeni aandike aina yake kwa kadiri anavyoitambua, idadi ya maua aliyoyatembelea, alichokifuata, na kama mwili wake uligusa vifuko vya chavua, stigma, au vyote viwili. Tano, arudie zoezi kwa saa mbalimbali na siku mbalimbali. Kwa mipapai, saa ya jioni isiachwe.

Kuna jambo la kuangaliwa kwa makini katika nyuki wa asali. Chavua anayoishindilia kwenye miguu ya nyuma imeloweshwa na kushikana. Hiyo ni shehena ya mzingani. Chembe kavu zilizotapakaa kwenye manyoya ya mwili ndizo zenye nafasi kubwa ya kuiangukia stigma. Vilevile nyuki huyu ana desturi ya kushikamana na ua la aina moja katika safari moja, jambo lililotambuliwa tangu enzi za Aristotle. Desturi hiyo ndiyo inayotimiza lile dai la pili lililotajwa awali, kwamba chavua ifike kwenye ua la aina moja na ule ilikotoka. Na pindi mti mmoja unapojaa nyuki ghafla, mtazamaji akumbuke kazi ya Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 1973. Yeye ndiye aliyeeleza jinsi nyuki anavyowajulisha wenzake mwelekeo na umbali wa chakula kwa kucheza juu ya sega.

Kutazama peke yake hakumalizi hoja. Ili kujua kama ziara zina faida, maua machache ya kike yafunikwe kwa vifuko vya kitambaa cha chandarua jioni kabla hayajafunguka. Mengine yaachwe wazi. Mengine yafunikwe vilevile, kisha asubuhi yachavushwe kwa mkono kwa kupakwa chavua ya ua la kiume na kufunikwa tena. Baada ya majuma machache matunda yahesabiwe. Yaliyofunikwa tu yakianguka na yaliyoachwa wazi yakizaa, imethibitika kuwa mgeni alihitajika. Yaliyochavushwa kwa mkono yakizaa vizuri kuliko yaliyoachwa wazi, ni ishara kuwa wageni hawatoshi mahali hapo.

Usalama nao usipuuzwe. Nyuki wa asali wa Afrika Mashariki huulinda mzinga wao kwa ukali, ingawa mauani huwa na shughuli zao na ni nadra kumdunga asiyewabughudhi. Mtazamaji asisimame karibu na mzinga wala kwenye njia ya nyuki, asijipake manukato, na mtu ambaye mwili wake hudhurika sana kwa sumu ya nyuki asishiriki zoezi hili.

Lugha ya Daftari

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na faida kuliko wengine, iwapo ataitumia. Linganisha mifano miwili ya maandishi. Wa kwanza: Asubuhi nyuki alikuja kwenye ua akalichavusha. Wa pili: Saa moja na dakika ishirini asubuhi, jua likiwaka, nyuki wa asali mmoja alitua kwenye ua la kiume la boga, akapenya hadi kitakoni, akafyonza kwa muda, akatoka akiwa na unga wa manjano mgongoni, akaruka hadi ua la kike lililo jirani na kuigusa stigma kwa mgongo. Mfano wa kwanza umetoa hukumu. Wa pili umetoa ushahidi, na msomaji anaweza kuhukumu mwenyewe.

Ubora wa mfano wa pili umo katika vitenzi. Kiswahili kina akiba kubwa ya vitenzi vya mwendo, na kila kimoja kina kazi yake. Nyuki hutua, nondo huelea, mbawakawa hutambaa, kipepeo husimama ukingoni na kunyoosha mrija, nyuki wa mbiringanya hukumbatia na kutikisa. Atakayeandika kuja na kwenda kwa wote hawa atakuwa amewafanya mdudu mmoja. Zaidi ya hayo, masimulizi ya kiambishi -ka- huonyesha mfuatano wa matendo hatua kwa hatua, na mfuatano huo ndio unaotenganisha ziara na uchavushaji: akatoka, akaruka, akagusa.

Saa pia ziandikwe kwa uangalifu. Saa za Kiswahili huhesabiwa kutoka macheo na machweo, mpango unaolingana vyema na maua, maana saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ya boga na saa moja usiku ndiyo saa ya nondo. Lakini saa isiyotajiwa asubuhi, jioni au usiku huleta utata kwa atakayesoma daftari baadaye. Kuhusu majina, mtazamaji asiyelijua jina la mdudu asibuni. Aandike kwa maelezo: nyuki mweusi mkubwa kuliko wa asali, mwenye mabawa ya kung'aa. Jina la wenyeji wa mahali hapo, liwe la Kikamba, Kiluhya au Kigiryama, liandikwe kando pamoja na maelezo hayo. Majina ya namna hiyo yakikusanywa kwa wingi na kulinganishwa, Kiswahili kitapata msamiati kutoka kwa watu waliokwisha kutazama.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa viambishi vya neno mchavushaji vinadai ushahidi ambao jicho la haraka haliwezi kuutoa. Mbiringanya imeonyesha jinsi neno moja pana, nyuki, linavyoweza kumficha mfanyakazi halisi nyuma ya jamaa yake mashuhuri. Mpapai umeonyesha jinsi neno lililo sahihi, dume, linavyoweza kumletea mkulima hasara likitenganishwa na elimu ya jinsi mti unavyozaa. Katika mifano yote miwili aliyedhurika ni mtu mwenye shamba dogo anayetegemea kuambiwa mambo kwa lugha anayoielewa. Jukumu la kumwambia liko mikononi mwa wanaoimudu lugha hiyo, na hawawezi kulitimiza kwa kamusi peke yake. Fuata nyuki ule asali ni agizo jema. Mwanafunzi wa Kiswahili na amfuate nyuki upande ule mwingine pia, hadi uani, akae dakika kumi, na kuandika alichokiona.

Maswali ya Mjadala

1. Jadili ufaafu wa istilahi mgeni wa ua na mwizi wa mbochi. Je, zipo istilahi nyingine za Kiswahili au za lugha jirani ambazo zingefaa zaidi?

2. Kusanya methali, vitendawili na misemo inayomtaja nyuki au ua katika lugha ya kwenu. Ni ipi kati ya hizo inayoonyesha kuwa wenyeji waliutambua uhusiano wa mdudu na tunda?

3. Tazama maua ya mmea mmoja kwa dakika kumi, kisha andika aya moja yenye vitenzi vya mwendo visivyopungua vitano. Mpe mwenzako aisome na aamue kama mgeni uliyemwona anastahili kuitwa mchavushaji.